Kompyuta yangu ilimwita mama wa valvu mwongo: yaliyonikuta kwenye maji ya Tukuyu

Wakuu, habari za humu ndani. Poleni na majukumu.

Mimi ni msomaji wa kimya kwa muda mrefu, nacheka na nyuzi zenu halafu napita. Leo nimeona nifungue wa kwangu, na nimeamua kuanza na kosa langu mwenyewe. Yote yamenitokea, chumvi sijaongeza. Majina tu ndiyo nimebadilisha, na ofisi siitaji kwa sababu bado inanilisha.

Wale wazee wa kusema "hii ni chai" naomba wasome mpaka mwisho. Naandika kutoka Tukuyu, chai huku tunalima na tunaijua.

Ni ndefu kidogo, vumilieni.

Mimi ni mtoto wa mjini hapa hapa. Babu alitoka Pwani na cherehani yake moja, akashona kanzu na suti za harusi sokoni mpaka mwisho wa maisha yake. Nikaenda Dar kusoma uhandisi wa maji, nikamaliza, nikarudi nyumbani na laptop na confidence ya kutosha wilaya nzima ya Rungwe.

Nikapata kazi kwenye mradi mmoja wa maji.

Najua mtu wa Dodoma akisikia Tukuyu kuna shida ya maji atacheka. Huku mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha kwa mazoea. Lakini maji ya mvua ni jambo moja na maji ya bomba ni jambo lingine. Mtu anaweza kusimama barazani anaangalia mvua inamwagika, huku bomba lake uani linapiga mluzi wa hewa tupu.

Sasa mtandao wenyewe ulikuwa hivi. Kuna tenki mlimani. Kutoka pale bomba kuu linashuka, linapita kando ya shamba la chai, halafu linagawanyika kwenda mitaa miwili. Nitaiita Chini na Juu, wa kule mtajijua.

Chini ni mtaa wa zamani. Watu wake karibu wote ni ndugu, na asiye ndugu ameoa au kuolewa humo. Kuna zahanati, kwa hiyo maji ya Chini hayafungwi hata siku moja.

Juu ni mtaa mpya uliokaa kilimani. Walimu, wafanyabiashara, watumishi waliohamia, nyumba za bati la rangi. Wao wana valvu yao, inafungwa jioni ili tenki lijae na inafunguliwa alfajiri.

Aliyekuwa anaifungua ni mama mmoja, tumwite Mama Atu. Mwanamke wa makamo, mwanakwaya, mwembamba, na ule ufunguo wa valvu, chuma kirefu chenye mkono wa kuzungushia, aliubeba begani kama jembe. Mvua, ukungu, baridi ya Juni, alfajiri yupo. Anaishi Chini, na ukoo wa mume wake umejaa Chini nzima.

Hapo ndipo fitina ilipoanzia.

Watu wa Juu asubuhi hawakuwa wanapata maji. Yalikuwa yanatoka machozi machozi, unatega ndoo, unaenda kuwaandaa watoto wa shule, unarudi haijafika nusu. Na walishajipa jibu kwamba Mama Atu anabana valvu yao ili shemeji zake wa Chini wapate mengi. Maneno hayo yalikuwa yanasemwa kichinichini, ushahidi hakuna.

Bosi wangu, injinia mtu wa haraka haraka, akaniambia wewe si umesoma mambo ya kompyuta, tutafutie jibu.

Kwa wasiojua, ipo software ya bure ya kuchambua mtandao wa maji. Unaichorea mabomba yote, unaiambia kila bomba lina urefu gani, upana gani, liko kwenye mwinuko gani, na watu wanatumia maji kiasi gani saa ngapi. Yenyewe inakokotoa presha ya kila kona, saa kwa saa. Bomba likihudumia watu wengi kwa wakati mmoja linachoka, na programu inakuonyesha linachokea wapi. Ni kitu kizuri sana wakuu, mpaka leo nakipenda.

Nikatoa michoro ya zamani kabatini, nikapita na GPS mlima na bonde, nikachukua bili za wateja kujua matumizi yao. Wiki tatu nzima. Nikapata mtandao mzuri kwenye skrini, una rangi, ukiuangalia unajisikia msomi.

Kilichobaki ni kuulinganisha na hali halisi. Yaani unakwenda na geji, unapima presha kwenye mabomba ya watu, halafu unaona kama kompyuta inasema hicho hicho. Mita kubwa ya pale kwenye tenki, ambayo ingenionyesha maji yanayotoka kwa siku, ilishakufa kitambo. Nikasema si neno, bili zinatosha.

Nilipanga kupima siku tatu, Jumanne hadi Alhamisi.

Jumatatu jioni Mama Atu akanifuata ofisini. Kuna bibi amefariki Kisondela, akasema, na huyo bibi Chini nzima ni watoto wake, wajukuu wake au wakwe zake. Wanakwenda wote. Akaomba nimshikie ufunguo na nimfungulie valvu hizo siku. Nikasema hakuna shida, tena vizuri, maana nilikuwa nataka kuishika mwenyewe.

Halafu akaniambia, "Baba, twende na wewe tukazike. Hata kama ni kuonekana tu, halafu urudi."

Nikamjibu kwamba marehemu simfahamu na kazi ni nyingi. Akaacha ufunguo, akaondoka.

Wakuu, asiyejua misiba ya Wanyakyusa nimweleze. Huku hutumi rambirambi kwa simu ukaendelea na shughuli zako. Watu wanahama. Wanakwenda na ndizi, kuni, masufuria na mikeka, wanalala huko, wanazika, na wakishazika bado wanakaa na wafiwa. Nimezaliwa hapa, hayo nilikuwa nayajua. Ila kuyajua na kuyaweka kwenye hesabu ni vitu viwili.

Basi Jumanne alfajiri nikafungua valvu mpaka ikagoma, nikapanda bodaboda, nikaanza kupima.

Chini palikuwa kimya, kuku tu wanajitembelea. Milango imefungwa, yule wa kuosha pikipiki hayupo, mama ntilie hayupo. Nikafurahi kwamba hakuna wa kunisumbua na maswali. Presha iko juu, safi kabisa.

Nikapanda Juu. Maji yanatoka kwa nguvu mpaka ndoo inaruka. Mama mmoja akatoka na kanga kichwani, akayaangalia yale maji kama mgeni, akaniuliza leo nani kafungua. Nikamwambia mimi. Akasema, "Tulijua tu."

Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi hivyo hivyo.

Nikarudi kwenye laptop, nikaweka namba za geji kando ya namba za kompyuta. Zilikuwa zinafanana, tofauti ndogo mno. Chuo mwalimu alituambia ukipata mfanano wa namna ile mshukuru Mungu. Nikamshukuru, nikapiga picha skrini, nikawarushia niliosoma nao kwenye group. Walinipa makofi.

Kompyuta ilikuwa inasema mtandao ni mzima, na kwamba valvu ikifunguliwa yote, Juu wanapata maji asubuhi bila shida. Geji zimesema hivyo hivyo. Na siku ambazo Mama Atu hayupo, Juu wameoga.

Nikaandika ripoti. Sentensi moja naikumbuka neno kwa neno: "Tatizo la Mtaa wa Juu linatokana na valvu kutofunguliwa ipasavyo." Jina la mtu sikuandika. Lakini valvu ilikuwa na mtu mmoja.

Ikaitishwa mkutano wa mtaa kule Juu. Bosi akanipa nafasi, nikasoma, nikaonyesha na mchoro wenye rangi. Mama Atu alikuwa amekaa nyuma, ametoka msibani juzi yake tu, bado ana kitenge cha msiba kiunoni.

Akasimama, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba yeye anafungua mpaka mwisho, kila siku, tangu alipopewa kazi.

Mwenyekiti wa mtaa akamjibu, "Mama, kompyuta haina shemeji Chini."

Watu wakacheka sana.

Mimi sikucheka, lakini wala sikumtetea. Nilikuwa naangalia karatasi zangu. Mama Atu akaja mbele, akaulaza ule ufunguo mezani taratibu, akatoka. Nikajiambia moyoni kwamba sayansi ndivyo ilivyo, haina upendeleo. Naona aibu mpaka sasa ninapoandika.

Kazi akapewa fundi mmoja wa hapo hapo Juu, tumwite Lazaro. Mtu wao, anayewapenda, hana shemeji popote.

Jumatatu Lazaro akafungua valvu mpaka mwisho. Juu maji hayakutoka.

Jumanne akafungua tena, akahesabu na mizunguko. Machozi machozi. Jumatano majirani zake wakaanza kumuuliza Chini wamempa nini. Fikirieni, siku tatu tu na yeye tayari ni msaliti.

Alhamisi akaja ofisini na matope mpaka magotini, amenuna, akaniambia, "Injinia, njoo ufungue mwenyewe. Inaonekana mkono wako ndio una baraka."

Ijumaa alfajiri nikaenda. Nikafungua kwa mkono wangu wenye baraka mpaka chuma kikagoma. Tukapanda Juu pamoja, tukafungua bomba la mwenyekiti mwenyewe. Likakohoa, likatoa kijinyuzi cha maji, likanyamaza.

Nikalifunga, nikamrudishia Lazaro ufunguo.

Kilichonisumbua si mtandao. Ni kwamba kwa wiki nzima Mama Atu alikuwa akipita Juu kwenda kwenye mazoezi ya kwaya watu hawamsalimii. Lazaro ndiye aliyenisimulia. Kwa huku kwetu, mtu kupita mlangoni kwako bila salamu ni adhabu kubwa, na mama wa watu alikuwa anaitumikia kwa ajili ya sentensi yangu.

Nikashuka Chini nyumbani kwake. Nilikuwa naogopa, sitaficha.

Nilimkuta uani anamenya ndizi. Nikajitutumua na Kinyakyusa changu cha sokoni, "Ugonile, mama." Akaitikia, akanisogezea kigoda, akaniletea ndizi za jana na maziwa. Nikasema nimekuja kwa mazungumzo. Akasema kula kwanza.

Nilipomaliza ndipo nikamweleza kwamba Lazaro anafungua, mimi mwenyewe nimefungua, na maji hayatoki, na kompyuta yangu haielewi.

Akachukua ndizi nyingine, akaanza kuimenya.

"Siku zile unapima, Chini alikuwepo nani?"

Nikamwambia hapakuwa na mtu, mlikuwa wote msibani.

"Basi. Mabomba yote yamefungwa, maji yangeenda wapi? Si yangepanda tu huko Juu."

Wakuu, masikio yaliwaka moto. Miaka minne ya chuo, na mama anaimaliza kwa kisu cha ndizi.

Niwaeleze kwa lugha rahisi. Mimi kwenye kompyuta niliweka matumizi ya siku za kawaida, kutoka kwenye bili. Lakini geji niliipima siku ambazo nusu ya watumiaji wamehama. Bomba ambalo halitumiki halichoki, hata likiwa bovu linaonekana zima. Zile namba zilifanana kwa bahati mbaya tu. Kompyuta ilikuwa inaeleza bomba zuri lenye watu wengi, geji ilikuwa inaeleza bomba baya lisilo na watu, na mimi nikawaunganisha nikawapigia vigelegele.

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nataka kupima upya na naomba anisaidie, maana yeye anajua mtaa unaamka saa ngapi.

Akasema nije Jumamosi. Jumamosi Chini wanafua nguo za ibada, hakuna bomba linalolala. Kisha akaweka kisu chini.

"Nitakuja kukusaidia. Lakini lile neno ulilisema mbele za watu, ukalirudishe mbele za watu. Usinirudishie hapa uani."

Nikakubali.

Jumamosi tulikuwa wote njiani tangu alfajiri, yeye mbele mimi nyuma na geji. Alikuwa anajua nani anaanza kufua mapema, nani ana wapangaji, bomba gani linavuja na mwenyewe hasemi. Kulipopambazuka vizuri, ua wa kila nyumba umejaa mashati meupe na magauni ya kwaya, na mshale wa geji yangu unashuka tu. Kule Juu ulikuwa umelala chini kabisa.

Nikaingiza namba hizo kwenye laptop. Kompyuta inasema Juu wana maji, geji inasema hawana. Tofauti kubwa ya kutisha. Na mimi nikafurahi, kwa sababu sasa kulikuwa na kitu cha kutafuta.

Siku mbili nilikuwa nabadilisha kipande kimoja kimoja. Nikaongeza kutu kwenye mabomba, wapi. Nikaweka uvujaji, wapi. Mwishowe nikaanza kupunguza upana wa kila kipande na kuangalia namba zinasemaje. Kipande kimoja tu ndicho kilichokubali kulinganisha geji zote kwa pamoja: kile cha kando ya shamba la chai, baada ya kalavati. Mchoro unasema bomba la inchi nne. Kompyuta inasema hapana, hapa maji yanapita kwenye kitu cha inchi mbili.

Nikampelekea bosi. Akaniuliza, "Unataka nichimbe pembeni ya chai ya watu kwa sababu ya laptop iliyokwisha kutudanganya mara moja?"

Swali la haki kabisa.

Nikamuuliza Mama Atu kama anapakumbuka pale. Akasema masika moja ya zamani udongo ulimeguka baada ya kalavati, bomba likakatika, na mafundi walifanya kazi mvuani huku wenyewe wa mtaa wakiwapelekea uji. Bomba waliloweka lilikuwa la namna gani yeye hakuona, alichokumbuka ni kwamba maji yalirudi na watu wakashangilia. Nilipomrudia bosi na hilo, akakuna kichwa, akatoa vibarua wawili.

Tulichimba Jumatano kwenye manyunyu. Likatokea bomba la chuma, inchi nne. Tukalifuata. Hatua chache mbele likaingia kwenye kiungo, na kutoka kwenye kiungo likatoka bomba jeusi la plastiki, inchi mbili, jembamba kama la kumwagilia bustani. Likaenda kama hatua sitini, kisha likaingia tena kwenye chuma.

Mafundi wa wakati ule siwalaumu. Waliweka walichokuwa nacho stoo ili watu wapate maji siku ile, wakafukia, na hakuna aliyerudi kurekebisha wala kuchora. Watu wakaongezeka, kipande kikabaki vile vile.

Nilikaa kwenye udongo uliochimbwa nikacheka peke yangu. Vibarua walidhani nimepagawa.

Tukabadilisha. Jumamosi iliyofuata Chini wanafua, Juu wanafua, na mshale wa geji umesimama mahali pake. Yule mama wa kanga kichwani alinipungia mkono akiwa na povu mpaka kwenye viwiko.

Ikabaki ahadi yangu. Bosi alinishauri niandike tu kwamba kasoro ya bomba imerekebishwa, yaishe kimya kimya. Nikamwambia haiwezekani, nimeshakubali uani kwa mtu.

Mkutano ukaitishwa, watu wale wale. Mama Atu amekaa nyuma kule kule. Niliandika kwenye karatasi ili nisiruke neno. Nikasoma kwamba niliwaambia valvu haifunguliwi, na si kweli. Nilipima siku watu wako msibani nikaziita siku za kawaida. Mama Atu alikuwa anafungua mpaka mwisho siku zote, na kosa ni langu.

Hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti akavua kofia. Akatembea mpaka nyuma, akamshika Mama Atu mkono kwa mikono yake miwili, akasema awasamehe, walisema vibaya. Lazaro naye akasimama, akamkabidhi ufunguo, na uso wake ulionyesha amefurahi kuliko wote.

Mama Atu akasema, "Ndaga fijo, asante sana mwenyekiti. Mimi sina neno." Halafu akanigeukia.

"Na wewe baba, siku nyingine ukisikia watu wanakwenda kuzika, nenda. Hata kama humjui aliyekufa, utawaona walio hai."

Nilikaa chini. 

Wakuu, kompyuta bado natumia kila siku, na ndiyo iliyolipata lile bomba chini ya udongo ambako hakuna jicho lingefika. Haikuwahi kunidanganya. Mimi ndiye niliyeilisha siku za msiba nikaiambia ni siku za kawaida. Kwa hiyo vijana wenzangu wa data, kabla hujaamini namba, uliza zilichukuliwa siku gani na watu walikuwa wapi. Na kama namba yako inamgusa mtu jina lake, kamuulize mtu huyo kwanza, tena mkiwa mmekaa.

Tangu hapo nimeshahudhuria misiba mingi, Lufingo, Lupepo, kokote. Nakaa kwenye mkeka na wanaume, nasikiliza. Najua sasa nani anahamia wapi na nani anajenga nyumba ya kupangisha, vitu ambavyo bili haziniambii.

Kama kuna fundi au mhandisi humu ambaye naye namba zilishamtuma kumkosea mtu, aje tuongee, nitajibu wote. Na wa kunisema waniseme tu, nimestahili.

Mama Atu yupo kazini. Juzi nilimsindikiza kwenye valvu, tukachelewa karibu nusu saa. Kila mlango wa Juu alikuwa anasimamishwa kusalimiwa.